Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: taya lililovunjika halisubiri nauli

Mheshimiwa Waziri,

YAH: WAYA WA KUFUNGIA TAYA KATIKA HOSPITALI ZA WILAYA

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni daktari wa meno katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Tangu bodaboda zijae huku kwetu, Jumatatu asubuhi benchi langu halina wenye meno mabovu tu. Wapo na waliovimba uso hadi macho yamezibika.

Mwaka jana waliniletea kijana amelazwa chali kwenye bajaji, anakoroma, damu inamrudia kooni. Shingo ilikuwa salama, nikamkalisha ameinamia mbele, akapumua. Kofia ngumu alivaa, ila ile ya wazi isiyofunika kidevu. Fuvu lilikuwa zima, ila taya la chini limekatika karibu na kidevu na tena chini ya sikio. Akiuma, meno ya mbele hayakutani. Mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi, yaani neva nayo imeguswa.

Mheshimiwa, taya kama lile halikuhitaji makubwa. Sindano ya ganzi, pau nyembamba za chuma zinazofuata upinde wa meno, na waya laini wa kufunga meno ya juu na ya chini yaumane sawasawa. Akae hivyo wiki nne hadi sita, anywe uji na supu kwa mrija, na mkasi wa kukatia waya usikae mbali naye, maana akitapika amefungwa mdomo ni hatari. Yapo mataya yanayodai pleti, skrubu na nusu kaputi. Hayo yaende Bugando au Muhimbili.

Stoo haikuwa na waya. Nikaandika rufaa, nikaona aibu kuiandika.

Familia ilihangaikia nauli na pesa ya kujikimu zaidi ya wiki tatu. Alipofika, mfupa ulikuwa umeanza kuunga kombo, ikabidi uvunjwe upya. Gharama yake ingenunua waya wa wagonjwa wangapi, wahasibu wako watajua.

Watoto ndio wanaoninyima usingizi. Mtoto akiangukia kidevu, tunashona kidonda cha kidevu na kumruhusu, kumbe kiungo cha mbele ya sikio kimevunjika. Baadaye taya linaweza kukaza, hata kijiko kisipite.

Ninachoomba: waya na pau vikae stoo ya kila wilaya kama zinavyokaa nyuzi za kushonea, na sisi wa meno tupelekwe hospitali za rufaa tukashike kazi hiyo kwa mikono, si semina ya hotelini. Suala la kofia zinazofunika kidevu, tafadhali mnong'oneze mwenzako wa Mambo ya Ndani mkikutana kwenye baraza. Kijana wangu amerudi barabarani, na kofia ni ileile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Daktari wa meno, Kanda ya Ziwa