Kuhusu hilo duka lako la nyuzi, mdogo wangu

Mama shikamoo, baba shikamoo, na wote hapo Mikindani nawasalimu. Sisi huku Bradford, Uingereza, hatujambo, baridi imeshaanza, saa kumi jioni giza limeshaingia, ila afya zipo tunamshukuru Mungu. Barua ni ya wote lakini sehemu kubwa namjibu mdogo wangu, mama utanivumilia.

Mdogo wangu, voisi yako ile ndefu nimeisikiliza yote, usiku nikiwa nafunga hesabu nikairudia tena. Kwamba unataka kufungua duka la nyuzi za kufumia kama langu, hapo Mtwara mjini hela za korosho zikishaingia, na fremu umeshaiona karibu na soko kuu. Nimefurahi sana yani sikufichi. Afu ukauliza lile lile aliloniuliza baba kwenye vidio, mbona watu wanakaa dukani kwangu masaa mawili matatu, wanakunywa chai yangu, wanaota hita yangu, na wengine wanaondoka hawajanunua hata uzi mmoja. Hilo ndo nataka nikujibu vizuri, mengine yote ni madogo.

Uzi unauzwa kila mahali. Supamaketi wanao, tena kwa bei ambayo mimi siiwezi, na mtu akiwa kitandani anaagiza kwa simu kesho uko mlangoni. Kama kazi yangu ingekuwa kukabidhi uzi na kupokea hela ningeshafunga zamani. Mtu anakuja kwangu kwa sababu hapa akikwama kuna wa kumkwamua. Alhamisi moja jioni kaja dada mmoja nesi, katoka zamu, sweta lake lina mstari kama ngazi kutoka juu mpaka karibu na pindo, kitanzi kimoja kilichomoka sindanoni kikawa kinashuka safu baada ya safu. Alishakata tamaa anataka kufumua lote. Kuna bibi mmoja pale mezani, mama yake alifanya kazi kiwanda cha sufu enzi zile, akachukua sindano ya krosheti, akakidaka kile kitanzi cha chini kabisa, akavutia ndani yake ule uzi uliolala juu, kikapanda safu moja, akavuta tena kikapanda, hivo hivo mpaka kikarudi sindanoni na ukitafuta kilipochomoka huoni. Meza nzima kimya inaangalia mkono. Nesi hakununua kitu siku ile, akanywa chai akaondoka. Sasa hivi ndo anayeniletea wenzie wa wodini.

Na mji wenyewe huu uliishi kwa sufu. Pale Saltaire, jirani tu hapa, kuna kiwanda cha sufu alichofungua tajiri mmoja, Titus Salt, mwaka 1853, lijengo kubwa ajabu, kilifungwa 1986 na siku hizi ndani kuna maduka na picha za sanaa, na mtaa aliowajengea wafanyakazi UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001. Wazee wenye ujuzi vidoleni wapo, pa kukaa nao ndo hawana. Mi nilivoona hivo nikamkumbuka mama na wenzie wakishaswali alasiri, mkeka barazani, huyu anachana ukindu, yule kachemsha rangi, ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, unasukwa na mazungumzo yanaenda wala mtu haangalii vidole vyake. Pale nani aliwahi kulipia kukaa? Duka langu mimi nimeliiga baraza la mama, si duka la Mzungu yeyote.

Tena mama hajawaambia, kashawafundisha hawa watu. Niliwaanzishia ukili kwa rafia maana ukindu huku hakuna, wakahangaika na ukingo, pale chane, yani kile kipande chembamba cha kusukia, inapokunjwa kurudi ndani, wanavuta mpaka ukili unapinda. Nikampigia mama vidio, akaangalia kidogo tu akasema mwambie alegeze mkono, na chane mpya aiingize kabla ile ya zamani haijaisha. Nikatafsiri, ukanyooka! Walimpigia makofi, na kila wiki wananiuliza mama yako hajambo.

Sasa bidhaa. Sufu usiweke kabisa, kwa joto la Mtwara nani ataivaa, tena ikifuliwa na maji ya moto ikasuguliwa inajikunja inaganda haivaliki tena. Weka pamba ya krosheti kwa vitambaa vya makochi, akriliki laini kwa sweta na kofia za watoto wachanga maana hata kwa jua letu mtoto akitoka hospitali ya Ligula lazima avishwe, na nyuzi za kudarizia kofia za mkono. Angalia lebo kwenye kila donge, kuna namba ya rangi na kuna namba ya loti, yani uzi uliopikwa rangi pamoja kwa mara moja. Rangi ile ile loti tofauti, dukani huoni, ila seti ikishatandikwa sebuleni mwanga ukiipiga unaona kabisa hiki kimepauka kile kimekolea, na mteja atakulaumu wewe. Kwa hiyo anayetaka seti nzima mtengee donge zote za loti moja kwenye mfuko wenye jina lake, achukue moja moja kadri anavyopata hela. Hapo hujamkopesha na hujamfukuza.

Majira nayo yafikirie. Mimi hela yangu inaingia kuanzia Septemba mpaka Februari, kiangazi watu wako bustanini, naishi kwa ada za madarasa ya kufuma. Kwenu minada ya korosho ikianza Oktoba hela inazunguka na harusi zinafuata, ikishapita usije ukanasa na stoku.

Kwa hiyo mashelfu ya kioo unayoyataka yaache kwanza. Nunua meza moja, viti, mkeka wa wanaopenda kukaa chini, na umtafute mama mmoja anayejua kufuma kweli akae pale kila Jumamosi. Huyo mlipe, usimwambie aje akusaidie tu, ujuzi wake ndo duka lenyewe.

Kodi ya kuanzia nitatuma mimi, baba asiguse hela ya dawa ya mikorosho. Ila kabla hujasaini chochote nitumie picha za hiyo fremu ya mchana na ya jioni nione mwanga unaingiaje, kufuma kunataka macho. Wasalimie majirani wote.

Dada yako,
Bradford