Majina ya waliozama na Khedive Ismail yatafutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini majina ya askari wetu waliozama na meli ya Khedive Ismail mwaka 1944 yatafutwe, na jinsi wanavyoweza kusaidia watu kama mimi, ambao hatukusomea historia chuoni lakini tumejitwika utafiti wa vita vya majini vilivyopiganwa katika bahari na maziwa ya Afrika Mashariki. Mara kwa mara tunaulizwa yanatuhusu nini mapigano ya Wajerumani na Waingereza. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba yanatuhusu mno, ila yameandikwa kwa namna inayowaficha watu wetu.

Mfano ulio wazi ni mkasa wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa bandarini Unguja kwa matengenezo ya mitambo, ikaizamisha, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Wasimulizi wengi humtaja nahodha wake, Max Looff. Hutaja manowari za Kiingereza, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta kwa sababu zingeweza kuelea katika maji ya kina kifupi, na ndege zilizoruka kutoka Mafia ili kuwaonyesha wapiga mizinga mahali risasi zao zilipokuwa zikiangukia. Na humalizia na tarehe 11 Julai 1915, siku Wajerumani walipoizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, boila za meli hiyo, yaani matangi ya kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuendeshea mitambo, zilipoharibika, sehemu zake zilivutwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa, na waliozivuta katika matope na vichaka walikuwa Waafrika. Baada ya meli kuzama, mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kuburutwa bara, ambako iliendelea kupigana vita vya nchi kavu. Mmoja upo hadi leo Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Anayesimama mbele ya mizinga hiyo miwili na kuitazama kwa makini ataona chuma, kipenyo cha mtutu na jina la meli. Hataona jina la hata mtu mmoja kati ya walioiburuta.

Ndivyo ilivyo pia katika Ziwa Tanganyika. Meli ambayo leo tunaiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa hadi Kigoma, ambako iliungwa upya. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Tunawajua maofisa wa pande zote mbili. Wapagazi na mafundi wasaidizi hatuwajui.

Lakini tukio ninalotaka hasa kulizungumzia ni la Vita vya Pili vya Dunia, nalo limesahauliwa kiasi cha kunitia uchungu kila ninapolisoma. Mwezi Februari 1944 meli ya kuchukulia askari, Khedive Ismail, iliondoka Kilindini, Mombasa, katika msafara wa meli kuelekea Colombo, katika nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, na miongoni mwao walikuwa karibu elfu moja wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa katika vita dhidi ya Wajapani. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili, na meli ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wauguzi wa kike. Manowari za Kiingereza zilizoulinda msafara, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo kwa kutupa mabomu ya majini huku baadhi ya walionusurika wakiwa bado wanaelea, na siku hiyo hiyo zikaizamisha.

Dakika mbili, Mhariri. Askari aliyekuwa chini ya sitaha hakuwa na muda wa kupanda ngazi, sembuse kutafuta boya. Nimeshangazwa na jinsi msiba mkubwa kiasi hicho, uliowapata vijana wetu wengi kwa mara moja, usivyofundishwa wala kukumbukwa hadharani. Majina ya askari hao yamechongwa katika Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki jijini Nairobi, na hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini jina lililochongwa halisemi mtu alitoka kijiji gani, alifanya kazi gani kabla ya kuandikishwa, wala aliacha nani nyuma.

Hapo ndipo mtafiti asiye na cheo anapoweza kusaidia. Kazi yetu huanzia kwenye batli, yaani daftari la safari ambamo nahodha au msaidizi wake huandika saa, upepo, mwendo na kila tukio. Batli ya upande mmoja hailingani kila mara na ya upande wa pili, nasi hukaa tukizilinganisha mstari kwa mstari, na raha ya kazi yenyewe imo humo. Kuanzia mwaka 2010 wajitoleaji wengi walinakili batli za manowari za Uingereza za Vita vya Kwanza, kazi iliyowapa wanasayansi takwimu za hali ya hewa za miaka ile. Kwa hiyo asidharau mtu kazi ya raia wenye subira. Lakini batli haikuandika habari za nyumbani kwa askari. Hizo zimo katika barua, vitambulisho, picha, na zaidi ya yote katika vichwa vya wazee waliokuwa watoto wakati baba, mjomba au kaka yao alipoondoka asirudi.

Naomba basi mambo mawili. La kwanza, gazeti lako litenge safu, hata kama ni mara moja kwa mwezi, ambamo familia za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi zenye ndugu aliyepotea baharini katika vita hivyo zitaweza kuandika jina lake, kijiji chake na lolote wanalokumbuka. La pili, mwenye karatasi yoyote ya askari wa kikosi cha 301 asiitoe kwa mtu kabla ya kuipiga picha pande zote mbili, maana namba ya askari na mhuri mara nyingi huwa nyuma; kisha apeleke nakala kwenye nyaraka za taifa za nchi yake. Mimi na wenzangu tuko tayari kulinganisha kila jina litakaloletwa na orodha ya mnara wa Nairobi, bila malipo, na kumjibu kila atakayeandika.

Wako katika utafiti,
Msomaji na mpenzi wa historia ya bahari