Barua ya wazi kwa Gavana wa Trans Nzoia: Mjengeeni Ken Walibora maktaba ya watoto Kitale

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mkazi wa Kitale. Nakuandikia kwa ajili ya marehemu Profesa Ken Walibora, mwandishi wa riwaya za Kiswahili, na kwa ajili ya watoto wa kaunti hii. Ombi langu ni moja: serikali yako ijenge hapa mjini maktaba ya watoto, na maktaba hiyo ipewe jina lake.

Riwaya yake ya Siku Njema ilichapishwa mwaka 1996. Baadaye ikateuliwa kutahiniwa katika fasihi ya kidato cha nne, na hivyo ndivyo ilivyoingia nyumbani kwetu, ndani ya sanduku la dada yangu aliyekuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa bado wa shule ya msingi. Nakala yenyewe ilikuwa imepitia mikono mingi: jalada limeng'oka, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa za mwanzo hazipo. Dada alitusimulia zile zilizopotea, kisha tukaendelea kusoma kwa zamu, anayesoma akiketi karibu na taa.

Mheshimiwa, huenda uliisoma, lakini niruhusu nikumbushe. Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mwenye sauti ya kusifika, naye anafariki mwanawe akiwa bado mdogo. Baba hamjui. Anakulia katika mateso ya watu wa nyumba moja, huku akirushiwa maneno kuhusu namna alivyozaliwa. Kisha anafunga safari kumtafuta baba yake: Mombasa, Nairobi, hadi huku kwetu Kitale.

Siku tulipofika mahali Kitale inapotajwa, nyumba nzima ilipiga kelele. Binamu yangu alinyang'anya kitabu ahakikishe kwa macho yake. Tulikuwa tumezoea vitabu vinavyotaja miji ya mbali, na hatukuwa tumewahi kuona mji wetu, wenye stendi yetu na matope yetu, umeandikwa kitabuni kwa Kiswahili kitamu kiasi kile. Kuanzia hapo tukawa tunabishana Kongowea alishukia wapi na alipita njia gani. Mwanafunzi mmoja darasani kwetu, ambaye wenzake walimcheka kwa kutomjua baba yake, aliazima kile kitabu akakaa nacho muhula mzima. Hakuna aliyethubutu kumdai.

Ndiyo maana nasema Walibora alikuwa mwandishi wa watoto, hata kama wasomi watamweka kwenye rafu ya riwaya za watu wazima. Alimwamini mtoto. Alimpa mtoto Kiswahili kamili, chenye methali na mafumbo yake, bila kumpunguzia. Wadogo zaidi aliwaandikia Ndoto ya Amerika, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2003, na Kisasi Hapana, iliyopata tuzo hiyo hiyo mwaka 2015. Kidagaa Kimemwozea ilisomwa na kizazi kizima cha sekondari. Maisha yake mwenyewe aliyasimulia katika Nasikia Sauti ya Mama.

Alitutoka Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Kwa siku kadhaa familia na marafiki walimtafuta, hadi mwili wake ulipopatikana katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Akazikwa huku Trans Nzoia wakati masharti ya korona yalipokuwa yameruhusu waombolezaji wachache tu makaburini. Maelfu ya wasomaji wake hawakupata nafasi ya kumsindikiza. Mimi ni mmoja wao, na uchungu ule haujaisha.

Najua utaambiwa kwamba kaunti hii ni ya mahindi, kwamba mbolea na barabara zinatangulia. Mimi pia nina shamba. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba mikononi mwa serikali za kaunti, sawa na barabara za mashinani na zahanati. Ni wajibu wenu kisheria. Na tangu mwaka 2018 serikali ya kitaifa imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, jambo jema sana. Ila kitabu cha hadithi, kile ambacho mtoto anakisoma kwa sababu amekipenda, mara nyingi kimebaki kuwa mzigo wa mzazi. Mzazi anayehesabu unga na karo hukiacha dukani.

Siombi jumba la kifahari. Chumba chenye mwanga wa kutosha, mikeka kwa wadogo na meza kwa wakubwa kinatosha kuanzia. Kifunguliwe Jumamosi na wakati wa likizo, maana hapo ndipo watoto wana nafasi. Vitabu vya Walibora viwe nakala nyingi, si moja ya maonyesho. Na tafadhali, Mheshimiwa, visifungiwe kabatini. Nimeona shule ambako vitabu vya hadithi vinatunzwa vizuri kwa kufuli, vikiwa vipya miaka nenda miaka rudi, na watoto wanavitazama kupitia kioo. Aajiriwe mkutubi anayependa watoto, atakayewaruhusu waazime waende navyo nyumbani, hata kama vitarudi na mikunjo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka Mpango wa Maendeleo wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 kila mwaka. Naomba maktaba hii iandikwe humo, pamoja na kiasi cha fedha kilichotengwa. Kikao cha maoni ya wananchi kitakapoitishwa nitakuja, na najua walimu wa Kiswahili kadhaa ambao watakuja pia.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Siku Njema, Kitale