Kreni yenyewe iseme imeweka kontena wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kontena zinazopotea yadini. Sisemi za kuibwa. Nasema kontena ambayo haijatoka getini, imo humo humo ndani ya ua, na hakuna anayejua iko wapi.

Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kuchukua kontena ya futi 20 yenye mashine za kusaga mahindi, katika yadi ambayo sitaitaja. Ushuru alikuwa amelipa, karatasi zimegongwa mihuri, lori limekodiwa kutoka Nakuru. Kreni ilipofika kwenye safu iliyoandikwa ikakuta kontena ya mtu mwingine. Karani, kijana mwenye adabu, akachukua tochi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaanza kupita kati ya marundo akisoma ubavuni: herufi nne, tarakimu saba, herufi nne, tarakimu saba. Giza likamkuta humo. Kontena ya mjomba ilionekana kesho yake alasiri, safu ya pili kutoka pale tulipoelekezwa, imelaliwa na nyingine mbili. Ikabidi hizo zitolewe kwanza. Mjomba alilipia lori siku mbili za kusimama bure. Na zile mbili zilizohamishwa, sikumwona mtu yeyote akiandika zimepelekwa wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mimi ni mpima ardhi. Kutwa niko kwenye mashamba ya Njoro, Rongai na Subukia nikitafuta mipaka, na chombo ninachobeba begani hujua kiliposimama kwa kosa la sentimita moja au mbili. Tusikichanganye na GPS ya simu, ambayo hukosea mita tatu, tano, hata zaidi. Upana wa kontena ni mita 2.44. Ukifunga kifaa cha namna ya simu juu ya kreni, kitakuelekeza safu ya jirani, na kosa litakuwa lile lile la karani, ila sasa limelipiwa pesa nyingi.

Tofauti iko hapa. Vifaa vyote viwili hutegemea setilaiti za GPS, ambazo ziko juu yetu kilomita 20,000 hivi. Kifaa cha kawaida husikiliza ujumbe unaotumwa na setilaiti, basi. Changu hupima pia mawimbi ya redio yanayoubeba ujumbe huo, na wimbi moja lina urefu wa sentimita 19 tu, kwa hiyo hata kipande cha wimbi kinahesabika. Lakini hakiwezi kazi hiyo peke yake. Kinahitaji mwenzake aliyetulia mahali palipokwisha kupimwa, juu ya nguzo ya zege au paa la ofisi. Huyo aliyetulia anajua aliposimama, hivyo anajua pia vipimo vya setilaiti vimepotoka kiasi gani wakati huo, na kila sekunde humrushia mwenzake masahihisho kwa redio.

Chombo cha namna hiyo kikiletwa yadini, juu ya kreni hufungwa antena mbili, ili ijulikane pia imeelekea upande gani, pamoja na kipimo cha kuonyesha toroli limetembea umbali gani kwenye boriti. Kontena hushikwa kwa kufuli nne za pembeni. Kufuli zikifunguka tu, kompyuta huandika papo hapo: safu fulani, nafasi fulani, ya ngapi kutoka chini. Bandari kubwa za ng'ambo zimefanya hivi kwa miaka mingi, na kreni za magurudumu ya mpira huko huongozwa kwa njia hiyo hiyo zisiache mstari na kugonga rundo.

Naandika kutoka Nakuru kwa kuwa bandari kavu ya Naivasha iko katika kaunti yetu. Treni ya SGR ilifika huku mwaka wa 2019, na upana wa reli yake ni milimita 1,435. Reli ya zamani inayokwenda Malaba, mpakani na Uganda, ni milimita 1,000. Kontena ya Kampala haiwezi kuendelea na behewa lile lile. Lazima inyanyuliwe, pengine itue chini kwanza, na kila inapotua pana mwanya wa kuandikwa vibaya.

Najua wapo watakaosema mambo haya ni ya Mombasa, sisi kontena zetu ni chache. Nakataa. Yadi hupimwa ikiwa na nafasi. Nimepima viwanja vilivyokwisha kujengwa kila upande, najua taabu yake.

Ugumu upo, wala sitauficha. Kuta za chuma hurudisha mawimbi kama mwangwi, kwa hiyo mashine fupi ya kunyanyulia kontena inayoingia katikati ya marundo huona kipande kidogo cha anga na itahitaji vipimo vya mwendo vya kuisaidia. Tena sisi tuko karibu na ikweta. Jua likishatua, tabaka la juu la anga huchafuka, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Nimewahi kukawia Rongai hadi saa mbili usiku, chombo kikapoteza shabaha mara tatu mfululizo. Kinachosaidia ni kituo cha masahihisho, yaani yule mwenzake aliyetulia, kuwa pale pale yadini, na vifaa vinavyosoma setilaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China kwa pamoja.

Wala simwombei karani afutwe kazi. Usiku ule alikuwa akipita nyuma ya mashine ya tani 70 hivi, na dereva hamwoni. Akae ofisini ahakiki rekodi.

Wanaoandaa zabuni za mitambo ya Naivasha na bandari ya Kisumu, nawaomba walitie jambo hili katika masharti tangu mwanzo, na kituo cha masahihisho kisifungiwe. Redio yake inaweza kutufaa hata tulio kilomita kumi nje ya ua, na wapimaji wa Mai Mahiu wataacha kubeba vyombo viwili kila waendapo shambani.

Mpima ardhi,
Nakuru