Ombi la ajabu kidogo

Mama Eliya mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku wazima, ila Babu na lile goti lake. Za Usa River? Naandika mbio mbio, kijana wa bodaboda ananipigia honi hapo nje.

Nina shida, na usicheke. Nakuomba unitafutie uchafu wa tumbo la ng'ombe.

Ni yule mtamba wa mnadani. Alikuja na kupe masikioni mpaka chini ya mkia, sasa ni ndigana baridi, ule ugonjwa wa kupe: ufizi wa njano, kinyesi kigumu cheusi chenye ute. Bwana mifugo kamchoma OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), homa imeshuka, ufizi nao unaanza kurudi rangi. Lakini hali kitu, wala hacheui! Ukimkandamiza ngumi ubavu wa kushoto, pale tumbo linapotakiwa kukusukuma mara moja au mbili kwa dakika, kimya. Matete ananusa tu.

Bwana mifugo anasema waliobaki na shida ni bakteria wa tumboni. Ndio wanaochachusha majani, na ng'ombe anaishi kwa kile wanachotoa. Homa ilipomkatisha kula, nao wakakosa chakula, wengi wakafa. Na wale wanaonywesha ng'ombe vidonge vya tetrasaiklini (unamjua nani) ndio wanawamalizia kabisa. Basi tumpandikizie wengine kutoka kwa ng'ombe mzima.

Kwa hiyo Jumamosi, shemeji akiwa machinjioni, achague ng'ombe ambaye mkaguzi kampitisha. Akamue majimaji ya lile tumbo kubwa, ayachuje kwa kitambaa, ajaze dumu mpaka mdomoni, maana bakteria hao hewa inawaua. Alifunge blanketi lisipoe, boda aje nalo moja kwa moja. Lita kumi hivi. Kumnywesha atafanya bwana mifugo mwenyewe. Ila tafadhali, lisiwe dumu la maziwa la mama mkwe wako, hatanisamehe yule!

Maziwa nitakuletea, mtamba akizaa. Akipona kwanza.

Shemeji atakubali, au nimwombe mwenyewe? Machinjioni watataka hela ngapi? Ule mpira wa kunyweshea wa Baba Samweli bado uko kwako? Matokeo ya Eliya yametoka? Na mbona kimya tangu kikao cha vikoba, ni ile hela au kuna mtu kasema neno?

Nijibu kupitia kijana huyu huyu, nimeshamlipa kwenda na kurudi.

Mama Neema