Mwanangu, mmeandikiana?

Mama,

Pokea salamu zetu. Hatujambo, ila goti la mama yako limeanza tena. Ulipopiga simu Jumapili kusema unaondoka Alhamisi kwa siku 41 kwenda kumpigia dramu huyo mpiga saksofoni, nilikwambia nimefurahi, na kweli nimefurahi. Lakini nilipokuuliza kama mmeandikiana mkataba ulinijibu, "Baba, yule ni muungwana." Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nimeona niandike, maana kwenye simu wewe una haraka na mimi sauti inapanda.

Uungwana wake siutilii shaka. Muungwana naye huugua. Hufilisika, hukosana na wakala wake, husahau alichosema mwezi uliopita. Muungwana hufa, wakaja watoto wake na makabrasha mkononi wakakuuliza wewe ni nani. Watu hawaandikiani kwa sababu mmoja wao ni mwizi. Huandikiana wakati bado wanapendana, ili siku wakikosana kuwe na kitu kinachokumbuka kwa niaba yao.

Jimmy Cobb, yule mpiga dramu wa jazz, wewe ndiye uliyenifundisha jina lake, kwa hiyo sikuelezi zaidi. Mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, aliingia studio New York akapiga santuri ya Kind of Blue na Miles Davis, yule wa tarumbeta. Siku mbili tu. Marekani peke yake santuri hiyo ina cheti cha mauzo ya nakala milioni 5. Nimesoma jinsi chama cha wanamuziki cha kule kinavyopanga malipo: kikao cha kurekodi huhesabiwa kwa saa 3, msindikizaji, yaani anayepiga nyuma ya mwingine, analipwa kima kilichowekwa, kiongozi wa bendi analipwa mara mbili yake. Ukitoka mlangoni na vijiti vyako kazi imekwisha, hata kama ulichokiacha mle ndani kitalia miaka 60. Cobb ndiye aliyebaki hai wa mwisho katika wanamuziki wote waliopiga kwenye santuri ile. Mwanzoni mwa mwaka 2020, akiwa na miaka 91, familia yake iliomba watu wachangie gharama za matibabu yake. Mwezi Mei mwaka huohuo akafariki.

Sisemi kuna aliyemwibia. Utaratibu wenyewe ndio uko hivyo, na hilo ndilo lililoniamsha saa 8 usiku nikakaa sebuleni gizani. Lile toazi, ile sahani ya shaba ya dramu, linalolia pale tarumbeta inapoingia, ambalo ulikuwa unalirudisha na kulirudisha mpaka mama yako akaja kusimama mlangoni, dunia nzima inalijua. Aliyeligonga alihitaji mchango.

Najua utasema hayo ni ya zamani. Basi chukua la mpiga dramu Clyde Stubblefield. Uliniambia huyo si wa jazz, sawa, lakini ngoma ni ngoma na mkono ni mkono. Mwaka 1969 alipiga kipande kifupi cha dramu nyuma ya mwimbaji James Brown, na kipande kile kimekatwa kikabandikwa kwenye nyimbo zaidi ya elfu moja za watu wengine. Hakuandikwa kuwa mtunzi, kwa hiyo mgawo wa nyimbo zile haukumfikia. Sheria inautambua wimbo kwa tuni yake na maneno yake. Mdundo wa dramu mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kazi iliyokwisha kulipwa. Wewe unayekaa nyuma ya wote ndiye ambaye mkono wako haumo kwenye hati. Ndiyo maana nauliza, na nitauliza tena.

Kisha kuna hili, ambalo nimelisoma mara 3 ili nilielewe. Marekani, redio ya kawaida ikipiga rekodi, mpigaji halipwi kitu. Ya mtandaoni hulipa, na mgawanyo uko hivi: katika kila 100, 50 ni za mwenye rekodi, 45 ni za msanii mkuu, na 5 zilizobaki ni za wasindikizaji wote. Hizo 5 nazo zinakatwa katikati, 2.5 kwa wapiga ala na 2.5 kwa waitikiaji. Mbili na nusu, mama, mgawane wewe, besi, piano na huyo wa tarumbeta. Ni kidogo, nimekubali. Lakini ni yako, na huwezi kuipata kama jina lako halimo kwenye orodha ya waliokuwamo studio siku ile. Si kiongozi atakayekuja kukutafuta miaka 20 ijayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe uliyeacha uhasibu ikiwa imebaki mihula miwili unalijua hilo kuliko mimi. Sikukumbushi ili nikuumize. Lakini ulichojifunza mle darasani hukukiacha mlangoni, kitumie.

Mimi mwenyewe nilikaa karakana ya mtu miaka 11 kwa neno la mdomo. Jinsi ilivyoisha unajua, ulikuwa darasa la sita.

Sitaki ufikiri kwamba nadharau kazi ya kusindikiza. Labda zamani nilisema maneno. Juzi nilikuwa nasoma habari za mpiga dramu Roy Haynes: alipiga nyuma ya wakubwa wa jazz, Lester Young, kisha Charlie Parker, kisha miaka 5 nyuma ya Sarah Vaughan, akaja Monk, na mpiga dramu Elvin Jones alipokosekana kwenye bendi ya Coltrane mwaka 1963, aliyeitwa ni yeye. Alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa na miaka tisini na kitu, akafariki Novemba 2024 akiwa na 99. Mtu haitwi na wote hao kwa bahati. Na yule mpiga dramu Kenny Clarke, aliyeutoa mwendo wa wimbo kwenye ngoma ya mguu akaupeleka juu kwenye toazi, yuko ndani ya mkono wa kila mpiga dramu wa jazz anayeketi leo, na wewe umo. Mwaka 1956 alihamia Paris akaishi Ufaransa mpaka alipofariki 1985. Namna ile ya kupiga haina hati, haina mgawo, na kila mtu anaitumia. Naona ni jambo kubwa mno mtu kuacha duniani, na naona pia kwamba halimlishi.

Kuna jambo sijakwambia. Mwaka juzi, ile shoo uliyodhani sikuja, nilikuja. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mlikuwa kwenye wimbo wa taratibu, wewe una brashi, mkono wa kushoto unazungusha juu ya ngozi kama mtu anayesugua meza asiamshe mtoto. Mwimbaji akaingia kabla ya zamu yake, mapigo mawili mbele. Nilimwona wa besi akiinua macho kukutazama. Wewe hukumtazama mtu. Mguu wa kushoto uliokuwa unafunga yale matoazi pacha ukanyamaza, brashi ikaendelea kuzunguka, kisha mguu ukarudi mahali pengine, pale alipo mwimbaji. Kabla mstari haujaisha wote walikuwa pamoja tena. Watu wakampigia makofi mwimbaji, naye akamnyooshea mkono mpiga piano. Wewe ulikuwa unaifuta ngozi ya ngoma kwa kiganja.

Nilitoka kabla taa hazijawashwa. Nilitembea mpaka nyumbani, na njiani nilikuwa najisemea, yule ni wangu. Nilipaswa kusubiri nikusalimie. Nilikaa kimya siku 3, halafu nikakupigia kukuuliza habari ya bomba la maji.

Sasa mtu anayefanya kazi ile, ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, nani ataishuhudia kama haikuandikwa?

Simwombi huyo bwana mkataba wa kurasa 20. Hata nusu ukurasa unatosha. Aandike atakulipa kiasi gani kwa kila onyesho, na lini, usiku uleule au mwisho wa safari. Aandike siku za kusafiri na siku za kukaa bure zinalipwa au la, maana katika siku 41 umeniambia maonyesho ni 27, na siku 14 zilizobaki tumbo halitakuwa likizo. Kama ukumbi ukifuta onyesho, hasara ni ya nani? Chumba, nauli, mizigo iliyozidi uzito, viza. Ukiugua katikati ya safari nani anakurudisha nyumbani. Na hili lililo zito kuliko yote: umesema huenda watarekodi usiku mmoja "kwa ajili ya kumbukumbu". Hakuna kumbukumbu, mama. Kikirekodiwa kitauzwa, leo au siku ambayo nyote hamtakuwapo. Kwa hiyo iandikwe kabisa kwamba ikitolewa utalipwa malipo ya kurekodi mbali na yale ya jukwaani, na jina lako litatajwa, kwa herufi zake zote. Jina lako hukosewa sana.

Akikataa kuandika, hapo utakuwa umejua jambo. Akikubali, hujapoteza kitu. Mara nyingi anayekawia si mbaya, ni kwamba hakuna aliyemwomba. Wapiga dramu mnaogopa kuomba kwa sababu mnadhani kuna mwingine anasubiri kiti. Yupo, ndiyo. Naye pia hajaandikiwa.

Mengine ni madogo. Matoazi yako usiyatie kwenye mizigo ya chini ya ndege, yabebe mkononi kadiri watakavyokuruhusu. Dramu utazikuta ukumbini, lakini ile ngoma ndogo na pedali ni vyako, viandike namba zake na uvipige picha. Vile vizibo vya masikio ulivyotengenezewa kwa kipimo, vaa. Ulikuja hapa mwezi uliopita ukawa unaniambia "eeh?" kila mara, na mimi siongei polepole. Mkono nao ukiuma usiupake dawa ukaendelea. Sema.

Na juu ya matoazi. Lile kubwa la inchi 20, la kwanza, nilikwambia yule fundi aliazima hakurudisha. Hakuazima. Mdogo wako alikuwa amefukuzwa ada na mimi nilikuwa sijalipwa miezi miwili. Nakwambia kwa sababu mama yako anasema bado humsalimii yule mtu mkikutana, na yeye hana kosa. Ukimwona msalimie. Toazi lilikuwa lako, ulilinunua kwa pesa zako, ila halikuandikwa popote kwamba ni lako, na mimi nililijua hilo nilipolibeba.

Ndani ya kifurushi utakuta daftari la jalada gumu. Nimelipigia mistari mwenyewe kwa rula, kurasa 60 za mwanzo. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili mji na ukumbi, kisha jina la kiongozi, nyimbo, saa ulizopiga, ulichoahidiwa, ulichopewa. Hizo mbili za mwisho nimeziweka jirani kwa makusudi. Ya mwisho kabisa ni sahihi ya aliyekupa. Ukiona aibu kuomba sahihi, andika jina la aliyekuwepo akaona. Jaza usiku uleule kabla hujalala, hata ukiwa umechoka namna gani. Nimeacha kurasa za nyuma wazi kwa rekodi peke yake, na kwenye kila moja nimeandika juu: waliokuwamo studio. Anza na jina lako.

Hapa nyumbani mfereji wa bati uliziba, mvua ikaingia pembeni ya dirisha la chumba chako. Nimeshauzibua, na ukuta nimeukwangua, bado rangi. Mdogo wako amehamia humo kwa sababu ya mitihani, lakini amekatazwa kugusa ule mpira wako wa kufanyia mazoezi ya vijiti chini ya kitanda, na nadhani anaugusa, maana usiku nasikia. Kistendi cha lile toazi bado kiko pale kona. Mama yako alitaka kukitoa wakati wa kupaka rangi, nikamwambia tutapaka kukizunguka. Amekubali, ila anataka umwambie wewe mwenyewe rangi gani, kwa sababu yangu haipendi.

Hukusema Alhamisi ndege ni saa ngapi. Kama ni ya jioni, asubuhi yote unayo. Mwandikie huyo bwana kwenye simu, mistari minne, akujibu kwamba amekubali, kisha nitumie picha nione kwa macho yangu. Usiku wa Jumatano nitakuwa macho mpaka muda wowote, kwa hiyo usiseme ulihofia kuniamsha.

Baba yako