Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2021

Ndugu wanachama, hamjambo wote. Hii taarifa naiandika badala ya kuisoma, kwa sababu mkutano wa mwaka tulikuja watu 19 na sisi tuko 64, na sitaki mtu aje kusema baadaye ati hakuambiwa.

Yale ya kawaida mnayajua, nitayapitia haraka. Tulipanda mishiri, yale maharagwe mabichi tunayouza Ulaya, misimu mitatu, maji ya mfereji yakatusumbua Februari na Machi kama kila mwaka, shedi ya kugredia imepata mabati mapya upande wa barabara, mafunzo yalikuwa mara mbili, ukaguzi wa cheti tukapita, waliofiwa tukawachangia. Hapo sina mengi.

Sasa hii maneno ya dawa. Najua ndiyo imeleta manung'uniko tangu Januari na wengine mmeacha kuja mikutanoni kwa sababu yake, kwa hivyo nitaieleza pole pole. Kamati ilikataza klorpirifosi, ile dawa ya kuua wadudu, kwa shamba lolote linaloleta mishiri kwa shedi yetu. Uamuzi ulikuwa wa kamati lakini wazo lilikuwa langu, nalibeba na sitamsukumia katibu. Swali mlilouliza ni moja: dawa iko agroveti, chupa ina namba ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za shamba, serikali yenyewe haijakataza, mwenyekiti ni nani akataze?

Jibu ni hili. Namba ya PCPB inakubali dawa iuzwe na itumike hapa Kenya. Mishiri yetu hailiwi hapa, inapanda ndege. Na huko Ulaya hawaanzi na chupa, wanaanza na kile kiambato kilicho ndani ya chupa, ile nguvu yenyewe inayoua mdudu, na hawakikubali milele, mara ya kwanza mwisho ni miaka 10 halafu kampuni inaomba upya na inatakiwa ilete utafiti. Klorpirifosi walikuwa wameikubali 2006. Ilipofika kukaguliwa upya Hispania ndio walishika faili, na Agosti 2019 EFSA, ile mamlaka yao ya usalama wa chakula iliyo Parma huko Italia, wakasema hawawezi kutaja kiwango chochote ambacho mtu anaweza kuambiwa ni salama, kwa sababu kuna wasiwasi juu ya ubongo wa mtoto anayekua na pia juu ya vinasaba. Desemba hiyo nchi zikapiga kura, tarehe 10 Januari 2020 ikapitishwa kwamba hairefushwi. Na tangu tarehe 13 Novemba 2020 mabaki kwenye chakula yanayoingia kwao yasipite miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100 za mishiri. Hakuna mtu hapa atapiga klorpirifosi halafu ashinde hiyo hesabu kwa kungoja zile siku chache ambazo lebo inasema ungoje kabla ya kuchuma.

Wale wazee wetu watakumbuka 2013, dawa nyingine ya wadudu, dimetoeti, ilipopatikana kwenye mzigo, Ulaya wakaanza kupima mzigo mmoja kati ya kila kumi wa maharagwe kutoka Kenya. Mimi nilikuwa mwanachama wa kawaida tu, niliona mishiri ikilala shedi mpaka ikanyauka, kampuni haichukui na broka hapokei simu. Nikajiambia nikipewa nafasi sitangoja tena tuambiwe na mzigo uliorudi.

La pili ni pesa. Nimeambiwa tumekula akiba ya pampu ya maji. Akiba ilikuwa 118,000. Vipimo vitatu vya maabara vilitumia 52,500, karatasi za gundi za bluu za kunasa thripsi, wale wadudu wadogo, pamoja na dawa mbadala 21,000, jumla 73,500, imebaki 44,500. Risiti zote ziko kwa mweka hazina na mpaka leo ni watu wawili tu wamekuja kuziangalia. Na yule aliyeandika kwa WhatsApp ati mwenyekiti amenunuliwa na wenye dawa mpya, namwomba aje aone hizo risiti, maana maneno hayo yalisomwa nyumbani kwangu na watoto wangu.

Vipimo vilionyesha nini? Mashamba mawili safi. La tatu lilitoka na klorpirifosi 0.04, mara nne ya kile kiwango. Shamba hilo ni la shemeji yangu, na wote mnajua. Aliapa hakupiga hiyo dawa kwa mishiri nami nilimwamini, lakini nilienda mwenyewe nikaomba kuona pampu ya mgongoni. Nikafungua kifuniko, harufu ikanipiga kabla sijainama. Chini kulikuwa na maji ya rangi ya maziwa, kama nusu kikombe, yamebaki tangu alipopiga nyanya wiki iliyotangulia. Juu ya hayo ndio alimimina dawa ya mishiri. Kwa rafu alikuwa na chupa mbili za majina tofauti, moja lebo ya kijani ingine ya njano, tukasoma yale maandishi madogo pamoja: zote mbili klorpirifosi, yeye alidhani ni dawa mbili. Tulizuia kreti 34 zake na akang'oa shamba, na dada yake ambaye ni mke wangu hakuongea na mimi siku nne. Anayesema nimependelea watu wangu aniambie ni wapi.

Na kuna jambo sikulisema mkutanoni, nilisema ya soko tu. Wanaotuchumia mishiri ni akina mama, wengine na mtoto mgongoni, asubuhi majani yakiwa bado na umande wa dawa. Kama Ulaya wameogopa punje ya gramu kwa ubongo wa mtoto wao, huyu wetu anayenyonya katikati ya mistari nitamwambia nini? Ombi la mbunge, mheshimiwa Gladys Shollei, la kuondoa dawa hatari lilifika Bungeni 2019, na mpaka bodi yetu, hiyo PCPB, imalize kazi yake siwezi kukaa tu. Mankozebu, dawa ya ukungu na kutu ya majani, hatujaikataza. Tumesema tuipunguze, maana Ulaya waliikataa pia Desemba 2020, na mwenye kutu nyingi shambani aje tuongee kabla hajapiga.

Sasa mahudhurio. Mwanzoni tulisema ni korona, ni kafyu. Kafyu yenyewe iliondolewa hapa hapa kwetu Kirinyaga, uwanja wa Wang'uru, siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, tulikuwa tunasikia helikopta kutoka mashambani. Mkutano wa Novemba, watu 19. Mimi nimekuja yote, hata ule wa siku niliyotoka kuzika.

Michango ni 200 kwa mwezi. Kwa watu 64 ingefika 153,600. Tumepata 87,400, deni ni 66,200. Angalieni hiyo deni na zile 73,500 mnazonilaumu nazo. Kama kila mtu angelipa, hiyo pesa ya vipimo ingerudi karibu yote na pampu tungekuwa tunaiongelea bei, si kuililia. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kuna wenye madeni ambao nimewapeleka hospitali na pikipiki yangu.

Mwaka ujao natumaini tutapima tena, Mungu akijalia, na pampu ya maji bado iko kwa roho yangu. Pia tutajaribu kupata mtu mmoja wa kutupigia dawa sote, tukipatana malipo.

Jumamosi mweka hazina atakuwa shedi kuanzia saa mbili asubuhi na kitabu cha michango. Mwenye pampu ya dawa anayotumia kwa nyanya na mishiri aje nayo, kuna sabuni na rangi. Tutaziosha, halafu za mishiri tuzipake bluu.

Mwenyekiti